Ushahidi wa Asiyeona

Katika mambo ambayo watu huyapima kwa mizani isiyo sawa ni ushahidi. Ajaye na khabari ya kuwa ameona jambo hupewa kiti, huletewa kahawa, na shingo zote humwelekea. Ama yule asemaye, "Nimetazama wala sikuona kitu," huachwa apite kana kwamba hakutamka neno. Yatupasa tuulize: Je, hukumu hii ni ya haki? Mtu aliyetazama kwa bidii, kisha akarudi mikono mitupu na kusema ukweli wa mikono yake, ameleta elimu au ameleta khasara? Na je, kuna tofauti gani kati yake na mtu ambaye hakutazama kabisa, naye pia husema, "Sikuona"?

Swali hili si la mchezo. Mambo mengi ya mji yamejengwa juu ya ushahidi wa namna hii. Mzazi aulizapo khabari za kijana aliyeposa kwake, mfanyaji biashara aulizapo uaminifu wa mtu anayetaka kukopa, mwenye nyumba aulizapo kama ukuta wake una ufa, mara nyingi jawabu wapatalo ni hili: "Hatukuona baya." Lakini mifano ya nyumbani ina taabu zake, kwani kila aisomaye humtafuta jirani yake ndani yake. Kwa hivyo tumeona kheri tulichunguze jambo hili kwanza kwa mfano ulio mbali nasi, usiomwaibisha mtu, kisha turudi nao nyumbani.

Mfano wenyewe ni wa wataalamu wa fizikia ambao, kwa muda uzidio miaka 25, wamekuwa wakitega antena za redio katika barafu ya Ncha ya Kusini, na sasa katika barafu ya Greenland pia, wakimngoja mgeni ambaye mpaka leo hajapatikana kwa yakini kwa njia hiyo. Mgeni huyo huitwa nyutrino.

Nyutrino ni chembe ndogo mno isiyo na umeme. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alidhani kuwa lazima iwepo, ili hesabu ya nguvu zilizoonekana kupotea katika namna fulani ya kuoza kwa atomu ipate kutimia. Aliitaja katika barua, akasema kuwa hathubutu kuichapisha. Ilipita miaka 26 kabla ya Clyde Cowan na Frederick Reines kuipata kwa yakini, mwaka 1956, kando ya tanuri la nyuklia la Savannah River huko Marekani. Sababu ya kukawia huko ni kuwa chembe hii hupita ndani ya vitu kama kwamba havipo. Kutoka katika jua peke yake, nyutrino zipatazo bilioni 60 hupenya kila sekunde mahali pasipozidi ukucha wa kidole gumba, usiku na mchana, wala hatuhisi lo lote. Ni moja moja tu, kwa nadra kubwa, igongayo kiini cha atomu na kuacha alama.

Ziko nyutrino nyingine, chache mno kuliko hizo za jua lakini zenye nguvu kubwa kupita kiasi, na hizo ndizo zitafutwazo barafuni. Tangu Victor Hess alipopanda angani kwa baluni mwaka 1912, imejulikana kuwa dunia hupigwa daima na chembe zitokazo juu, na baadhi yake zina nguvu mamilioni ya mara kuliko zile zirushwazo na mashine kubwa kabisa za wanadamu. Ni kitu gani kilichozirusha? Zenyewe haziwezi kutueleza, kwa kuwa zina umeme, na sumaku zilizoenea angani huzipinda njia, hata zitufikiapo hazielekezi tena kule zilikotoka. Ama nyutrino, kwa kuwa haina umeme, huja moja kwa moja. Mwenye kuipata amepata kidole kielekezacho asili. Na mwaka 1969 Veniamin Berezinsky na Georgiy Zatsepin walionyesha kuwa chembe hizo kali, zikigongana na mwanga hafifu uliojaa angani, inapasa zizae nyutrino zenye nguvu kubwa mno. Basi haja ya kuzitafuta ina msingi.

Kazi imekwisha anza kuzaa matunda kwa njia ya nuru. Kituo cha IceCube, kilichokamilika Ncha ya Kusini mwezi wa Desemba 2010, kina vipokea nuru 5,160 vilivyoteremshwa barafuni kwa kina cha mita 1,450 mpaka 2,450, na mwaka 2013 kilitangaza ushahidi wa nyutrino kali zitokazo mbali nje ya mfumo wa jua letu. Lakini zile zenye nguvu zaidi ya hizo ni adimu hata barafu yenye ujazo wa kilomita moja haitarajiwi kugongwa nazo hata mara moja kwa mwaka. Azitakaye hizo ahitaji uwanja mkubwa mara nyingi, na kuujaza uwanja huo kwa vipokea nuru ni gharama isiyochukulika, maana nuru haiendi mbali barafuni. Baada ya mita mia hivi huwa imefifia.

Hapa ndipo ilipoingia redio. Mwaka 1962 Gurgen Askaryan, mtaalamu Muarmenia wa Urusi ya Kisovieti, alieleza jambo ambalo wakati ule halikuwa limeonwa na mtu. Chembe kali igongapo kitu kizito, alisema, huzaa mvua ya chembe nyingine nyingi. Na mvua hiyo, ikienda mbio, huzikumba elektroni za kitu kile na kuzichukua, hata umeme hasi ukazidi. Umeme uliozidi namna hiyo, ukikimbia pamoja katika fungu dogo, hutoa mshindo mmoja mfupi wa mawimbi ya redio, kama watu wengi wavutao kamba kwa sauti moja. Mwaka 2000 jambo hilo lilithibitishwa huko Stanford, California, katika kasha la mchanga wa tani 3.5, na mwaka 2006 likathibitishwa tena katika donge la barafu la tani 7.5. Na mawimbi ya redio, tofauti na nuru, huenda katika barafu baridi ya ncha za dunia kiasi cha kilomita nzima kabla ya kufifia. Basi antena chache zaweza kulinda barafu nyingi. Hufukiwa chini kwa sababu tabaka za juu, ambazo bado ni theluji inayogandamana, huyapinda mawimbi yasifike. Ndani zaidi barafu ni ya namna moja, na sikio husikia mbali.

Walianza na majaribio ya RICE, karibu na Ncha ya Kusini, katika miaka ya 1990, na antena zile zilisikiliza kwa zaidi ya miaka 10. Ikaja ANITA, antena zilizotundikwa chini ya baluni kubwa, ikazunguka juu ya Antaktika mara 4 kati ya 2006 na 2016, kwa urefu wa kilomita 37 hivi, ikiitazama barafu ya kilomita za mraba zaidi ya milioni 1 kwa wakati mmoja. Ikaja ARA, ambayo ilifikia vituo 5 kufikia mwaka 2018, antena zake zikiwa zimefukiwa mpaka mita 200. Na tangu 2021, katika kilele cha barafu ya Greenland, hujengwa vituo vya RNO-G, ambavyo mpango wake ni kuwa 35, vikipata nguvu za umeme kutoka katika jua. Katika juhudi zote hizi, hakuna nyutrino hata moja ambayo wenyewe wamethubutu kusema, "Hii ni yenyewe bila shaka."

Huenda msomaji akasema: Basi khabari hii ni ya kazi bure. Jawabu letu ni kuwa sivyo, na hapa ndipo lilipo shina la maneno yetu.

Mvuvi atupaye jarife lenye matundu ya shubiri moja, akalivuta tupu, hana haki ya kusema kuwa bahari haina samaki. Dagaa wote wangepita asiwaone. Lakini ana haki, tena ana wajibu, wa kusema: "Mahali fulani, usiku fulani, kwa jarife la matundu haya, hakuna samaki mkubwa aliyepita." Hilo ni neno lenye mipaka, na kwa mipaka yake ni neno la kweli lenye manufaa. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa barafu. Hawasemi kuwa nyutrino hizo hazipo. Husema: "Tumesikiliza siku kadha wa kadha, katika barafu ya ukubwa kadha, kwa sikio liwezalo kusikia mshindo wa nguvu kadha; basi kama zingekuwa nyingi kupita kiwango hiki, tungalizisikia." Kwa neno hilo, dhana kadhaa zilizokuwa zikishikwa na wenye elimu juu ya asili ya chembe kali zimebatilika, kwani zilidai kuwepo kwa nyutrino nyingi kuliko kiwango hicho. Kutoona kwao kumeondoa yasiyo kweli. Na mwenye kuondoa yasiyo kweli ameipunguzia njia wale wanaoitafuta kweli.

Tena tazameni jinsi wanavyojilinda na nafsi zao. Mtu angojaye jambo kwa miaka mingi moyo wake humtamania, na macho hutii moyo. Kwa kulijua hilo, katika uchunguzi wao mwingi hufungua kwanza sehemu moja tu katika kumi ya yale yaliyorekodiwa, hutunga kwa sehemu hiyo kanuni za kukubali na kukataa, na kanuni zikishafungwa ndipo hufungua zilizobaki, wala hawana ruhusa ya kuzigeuza baada ya kuona. ANITA walizidi hapo: walichanganya kwa siri mishindo ya kutengenezwa ndani ya kumbukumbu zao, ili wasiweze kuujua wa kweli na wa uongo mpaka mwisho. Mwaka 2010, katika matokeo ya safari yao ya pili, walichapisha kuwa wamebakiwa na mishindo 2 iliyofanana na ya nyutrino. Baadaye wakatambua kuwa mmoja kati yake ulikuwa ni ule waliouchanganya wenyewe, ukasahauliwa kuondolewa. Wakaandika masahihisho, wakayachapisha mahali pale pale palipochapwa khabari ya kwanza: mshindo uliobaki ni 1, na huo mmoja ni kiasi kile kile ambacho makelele ya kawaida yangaliweza kuleta. Hakuna aliyewashika, walijishika wenyewe.

Linganisheni na mambo ya mwaka 2020. ANITA hiyo hiyo, katika safari zake, ilipata mishindo miwili ya ajabu, iliyoonekana kutoka chini ya barafu na kupanda juu, kwa njia ambayo ingebidi chembe yake iwe imepenya maelfu ya kilomita ya ardhi. Na nyutrino zenye nguvu kubwa namna hiyo, tofauti na zile za jua, ardhi huzizuia. Wenyewe waliieleza kama mambo yasiyofahamika bado, wakaomba yachunguzwe. Lakini magazeti kadhaa ya Ulaya na Marekani yakapiga mbiu kuwa umegunduliwa ulimwengu mwingine ambao wakati wake hurudi nyuma. Neno hilo halikuwa la waliotega antena. Mwaka huo huo IceCube ilitafuta dalili za kuunga mkono mishindo ile, isizipate. Na mwaka 2025 kituo cha Pierre Auger cha Argentina nacho kikatangaza kuwa katika miaka yake mingi ya kutazama hakikuona kitu cha kuieleza. Mbiu ilizunguka dunia kwa siku chache. Masahihisho yakaenda kwa miguu. Hivyo ndivyo uvumi ulivyo kila mahali.

Na kuna kisa kingine kionyeshacho thamani ya asiyeona kwa uwazi zaidi. Tarehe 13 Februari 2023, vipokea nuru vya KM3NeT, vilivyozamishwa katika bahari ya Mediterania karibu na Sisilia, vilipata alama ya nyutrino yenye nguvu kuliko zote zilizopata kujulikana, zaidi ya mara 30,000 nguvu ya kila protoni katika mashine kubwa ya CERN. Walioipata hawakukimbilia barazani. Walikaa nayo karibu miaka miwili wakiipima, wakaitangaza Februari 2025. Na walipoitangaza, swali la kwanza lilikuwa: Mbona IceCube, iliyotazama muda mrefu zaidi, haikuona mfano wake? Basi kutoona kwa wale kukatiwa katika hesabu pamoja na kuona kwa hawa, na makisio ya wingi wa nyutrino hizo yakashushwa. Tazameni: ushahidi wa asiyeona umekuwa ndio mizani ya ushahidi wa aliyeona! Lau wale wangalificha mikono yao mitupu kwa aya, au wangalibuni kidogo ili nao wasipitwe, aliyeona asingalijua ukubwa wa alichokiona.

Wala subira hiyo haikukosa malipo kwa upande wa redio. Katika kumbukumbu za ARA za siku 208, uchunguzi wa kutafuta nyutrino ulikutana na mishindo 13 iliyotoka chini ya uso wa barafu. Haikuitwa nyutrino. Ilipotazamwa tena, ikaelezwa mwaka 2025 kuwa ni sauti ile aliyoitabiri Askaryan, iliyozaliwa barafuni na mvua za chembe kali zitokazo angani. Sikio limethibitika kuwa lasikia. Na lau ingaliitwa nyutrino siku ya kwanza kwa tamaa, elimu hii ya pili ingalipotea ndani ya uongo wa kwanza.

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi.

Imetudhihirikia kuwa "sikuona" si neno moja, bali ni maneno matatu yavaayo nguo moja. La kwanza ni "sikuona" la asiyetazama. Hilo si ushahidi, na asemaye kwa sura ya shahidi amefanya khiyana. La pili ni "sikuona" la aliyetazama, akajua alipotazama, na muda gani, na kwa jicho la namna gani. Hilo ni amana, na kulidharau ni dhulma. La tatu ni "hakuna", ambalo watu hulipachika juu ya hayo mawili bila ya haki, kwani kutoka katika kutoona mpaka kutokuwepo kuna safari ndefu, na wengi huiruka kwa neno moja.

Hebu tuyapime mambo yetu kwa hayo. Mzazi ajapo kuuliza khabari za mposaji, nasi tukamjibu, "Hatukuona baya lake," ilhali hatukuwahi kukaa naye safari wala kuingia naye katika biashara ya shilingi kumi, tumemwambia nini? Tumempa nguo ya ushahidi isiyo na mtu ndani. Bintiye ataolewa kwa neno letu, na akiumia sisi tutasema kuwa hatukusema uongo. Kweli hatukusema uongo kwa herufi, lakini tuliuza kutotazama kwetu kwa bei ya kutazama. Ilitosha kusema: "Twamjua kwa salamu za njiani tu; zaidi ya hapo muulize aliyefanya naye kazi." Neno hilo ni dogo, halina fahari, nalo ni la haki. Na fundi aliyepita chini ya dari kwa dakika moja, kisha akamwambia mwenye nyumba kuwa boriti ni nzima, yu katika hukumu hiyo hiyo.

Kwa upande wa pili, mtu akija na mbiu juu ya fulani, na akawepo mwingine aliyekaa na fulani huyo miaka kumi, akasema, "Mimi nimeishi naye mlango kwa mlango, wala sikuona hilo mnalolisema," mbona sauti yake huzimwa? Yeye hakusema kuwa haliwezekani. Ametoa kipimo: miaka kumi, mlango kwa mlango. Haki ni kipimo hicho kiwekwe katika mizani kabla ya heshima ya mtu kuvunjwa. Na sisi twajua ni mara ngapi kimewekwa.

Huenda mtu akatuambia: Mkiwazoesha watu kusema "sijui" na "sikuona", mtazaa watu wa woga, wasiothubutu kusema lo lote. Jawabu letu ni kuwa waoga ni wale wanaokhofu kuonekana mikono mitupu. Kutega antena miaka 25 katika barafu, ukatangaza kila baada ya muda mbele ya wenzako na mbele ya waliokupa mali kuwa bado hujapata, kisha ukaongeza vituo na kurudi kusikiliza, hiyo si kazi ya mwoga. Tena hatukusema kuwa mwenye kuona asiseme. Aseme, ila aseme baada ya kupima, na akubali kuwekwa mizani moja na wasioona.

Basi ndugu zetu, neno letu ni fupi. Tuulizwapo, tutazame kwanza. Tukitazama tusione, tuseme kuwa hatukuona, na tutaje kiasi cha kutazama kwetu, ili aliyetuuliza ajue uzito wa neno alilolichukua. Tusipotazama, tuseme kuwa hatukutazama. Na atujiaye na ukweli wa mikono mitupu, naye tumpe kiti, tumletee kahawa.